Mchungaji wa Ijumaa, Mheshimiwa wa Jumanne

Faith ndiye aliyeniomba niandike. Yeye ni mchungaji wa ushirika wetu hapa Doha siku hizi, na anasema vijana anaowafundisha kushughulikia kesi za wafanyakazi humuuliza maswali ambayo mimi niliyajibu kwa kukosea miaka mingi iliyopita. Nilimwambia kwamba mtu akistaafu huanza kujiona alikuwa na hekima siku zote. Akasema ndiyo maana anataka niandike haraka, kabla sijafika huko.

Basi nimekaa kwenye meza ya jikoni ya binti yangu Rehema, ghorofa ya nne, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Rehema ni muuguzi na leo yuko dyuti. Mambo ya mshahara nitayaruka, na ya vyeo nitayamaliza hapa hapa: nimekuwa na vyeo viwili, Mchungaji na Mheshimiwa. Vyote hutangulia jina la mtu, na vyote vilinifanya nisisikie vizuri ninapoambiwa nimekosea.

Nilikuja Doha kama dereva. Nyumbani nilikuwa nimesoma chuo cha Biblia miaka miwili na kuhudumu katika kanisa dogo karibu na mpaka wa Uganda, lakini mimi na mke wangu Priska tulikuwa na watoto watatu, na kanisa lile lilikuwa tajiri wa imani tu. Nikachukua kazi ya kuendesha basi la kampuni ya walinzi. Niliwatoa kambini, nikawashusha mmoja mmoja kwenye malindo yao, milango ya hoteli, maduka, majengo marefu, na zamu ikiisha nikawakusanya tena.

Siku ya kwanza niliingia kwenye mzunguko wa barabara kwa mazoea ya nyumbani, upande wa kushoto. Walinzi thelathini wakanyamaza kwa pamoja. Kisha mmoja kule nyuma akaanza kuomba kwa sauti, na wengine wakaitikia. Nasema kwa uaminifu kwamba hiyo ndiyo ibada ya kwanza niliyoiongoza Doha.

Basi lile lilinifundisha kazi kuliko chuo. Mtu aliyekaa nyuma ya dereva huongea na kisogo, na kisogo hakimkatizi wala hakimkazii macho. Niliambiwa habari za wake walioacha kupokea simu, za wasimamizi wenye matusi, za watoto waliozaliwa baba akiwa huku na sasa wanaanza shule. Sikuwa na la kujibu kwa sababu nilikuwa natazama barabara. Baadaye, nilipopata nafasi ya kujibu, mara nyingi nilijuta kwamba sikuwa na barabara ya kutazama.

Ushirika wetu ulikutana Ijumaa, katika sebule ya nyumba moja mitaa miwili kutoka hapa ninapoandikia. Hapa Jumapili ni siku ya kazi, kwa hiyo sisi humwabudu Mungu Ijumaa, na sijasikia kwamba amelalamika. Tulikuwa Wakenya na Waganda, walinzi, wapishi, wahudumu wa hoteli, wauguzi wachache waliokuwa na viatu vizuri. Mwalimu aliyekuwa akituongoza mkataba wake ulipokwisha, akauliza kama kuna mtu aliyewahi kusoma Biblia darasani. Niliinua mkono nikidhani anataka msomaji wa zaburi. Wiki iliyofuata nilikuwa mchungaji.

Waliokuja kwangu hawakuja na maswali ya mbinguni. Walikuja na mikataba. Mwanamume mmoja, mpishi kwa maandishi, alikuwa akibeba magunia ghalani tangu afike, na mgongo wake ulikuwa umeanza kugoma. Nikamwandikia barua ya malalamiko. Nilikaa nayo siku mbili. Ilikuwa na kurasa tatu, nabii Amosi mara mbili, na sentensi moja kuhusu damu ya wanyonge ambayo niliionea fahari sana.

Ili ofisi iipokee, barua ilipaswa kuwa ya Kiarabu, na hivyo ndivyo nilivyokutana na Hajj Sulaiman. Alikuwa Mganda wa Masaka, mtu mwembamba mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu. Alikuwa na meza katika duka dogo la kuchapa fomu, lile la aina ambayo watu huenda kuandikiwa maombi ya serikali kwa Kiarabu. Alisoma kurasa zangu zote tatu bila haraka. Kisha akabadilisha miwani.

"Mchungaji," akasema, "haya ni mahubiri. Afisa atakayeisoma hataki kuokoka. Anataka kujua mgongo ni wa nani na gunia ni la nani."

Akachukua karatasi tupu na kuniuliza maswali manne: ni nani, ni wapi, tangu lini, na anaomba nini. Barua ikawa mistari sita. Ndani ya mwezi yule ndugu alirudishwa jikoni. Nilimuuliza Hajj kama mistari ile miwili ya Amosi isingesaidia hata kidogo. Akasema Amosi angekuwa na bataka ya Qatar, yaani kitambulisho cha ukaazi, angemwandikia hata yeye, lakini kwa mistari sita.

Yeye ndiye mwalimu wangu. Nawaandikia hili wazi kwa sababu baadhi yenu mnadhani nilifundishwa kazi hii na askofu. Alinifundisha kutunza nakala ya kila karatasi katika nyumba mbili tofauti. Alinifundisha kutopiga simu nikiwa na hasira, na kutopiga nikiwa na furaha pia. "Andika kana kwamba unayemlalamikia atasoma mwenyewe," aliniambia, "maana atasoma." Kwa miaka sita nilikwenda kwake karibu kila wiki, tukinywa chai ya karaki yenye sukari ambayo daktari wake alikuwa amemkataza. Hatukubishana dini hata siku moja. Ramadhani nilisubiri afuturu ndipo nimpe kazi, naye wakati wa Krismasi alinitumia maandazi pamoja na bili ya karatasi, akisema sikukuu ni yangu lakini wino ni wake.

Sasa nifike kwa Consolata.

Consolata alitoka kaunti yetu, ng'ambo tu ya mto kutoka kwa wakwe zangu. Alifanya kazi ya nyumbani kwa familia moja ya Kiarabu kule The Pearl, katika jengo refu lenye mandhari ya mashua za matajiri. Kazi yake hasa ilikuwa kumtunza bibi wa nyumba hiyo, mama mzee asiyeweza kutembea, aliyeitwa Umm Nasser kwa jina la mwanawe mkubwa. Consolata alimwosha, alimlisha, alimgeuza kitandani, alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu kandokando ya maji jua likipungua makali. Alikuwa amekaa naye miaka minne. Alikuja ushirika Ijumaa moja kati ya nne, alipopewa ruhusa, na aliketi karibu na mlango ili aondoke bila kusumbua watu.

Ijumaa moja hakuondoka. Alinisubiri, akaniambia mama yake mzazi ana saratani na madaktari wamemrudisha nyumbani. Mkataba wake Consolata ulikuwa umekwisha miezi miwili iliyopita. Alikuwa ameomba pasipoti yake na kuambiwa asubiri. Akaomba tena, akaambiwa asubiri. Sheria ya nchi yenyewe ilikuwa upande wake, pasipoti ni ya mwenyewe, lakini yeye hakutaka ugomvi. Alitaka tu nimshauri aseme nini, kwa maneno gani, nyumba isivunjike.

Nilimwambia aniachie mimi.

Wiki iliyofuata nilihubiri juu ya Farao. Mimi ni mhubiri mzuri, hili nalisema bila majivuno kwa sababu ndilo lililoniponza. Sebule ilikuwa imejaa hadi ngazini, na nilipofika kwenye ule moyo mgumu nikaona watu wananifuata, nikaendelea. Nikasema Farao yuko hapa mjini. Nikasema anakaa The Pearl. Nikataja jengo. Nikataja jina la dada yetu Consolata, na kwamba mama yake anakufa. Watu walilia. Nilirudi kambini nimejaa, kama mtu aliyekula harusini.

Miongoni mwa waliolia alikuwa dereva wa jamaa ya familia ile. Hakuwa msaliti. Alisimulia tu kwa mpishi jinsi mahubiri yalivyokuwa matamu, mpishi akasimulia kwa mwingine, na kufikia Jumapili neno lilikuwa limefika nyumbani kwa Nasser. Jumatatu simu ya Consolata haikupatikana. Jumanne haikupatikana. Ijumaa aliyopaswa kuja hakuja.

Hali hiyo iliendelea wiki tatu. Nilipitisha basi karibu na daraja la kuingia The Pearl kila nilipopata sababu, na hata niliposhindwa kupata. Dada yake alinipigia kutoka nyumbani kuniuliza Consolata yuko wapi, maana mama anamtaja. Nilimwambia tunashughulikia. Wenzangu, mkijikuta mnasema "tunashughulikia," simameni mjiulize mnashughulikia nini.

Nilichelewa kumwambia Hajj kwa sababu nilijua atasema nini. Nilipomwambia, hakusema nilichotarajia. Alivua miwani yote, akaniuliza kama nilikuwa nimemwomba Consolata ruhusa ya kutaja jina lake. Nikasema hapana.

"Shida ilikuwa yake, na jina lilikuwa lake," akasema. "Umevitumia vyote bila kuomba. Sasa wewe na hao wa The Pearl mna tofauti gani? Wao wameshika pasipoti, wewe ulishika jina."

Nilikaa kwenye kile kiti cha wateja mpaka mteja wa kweli akaja akakihitaji.

Jioni ile ile Hajj aliandika barua, si kwa ofisi bali kwa Nasser mwenyewe. Mistari mitano ya Kiarabu cha adabu. Ilianza kwa kuomba radhi kwa jina la nyumba yake kutajwa hadharani, na alinitaka niitie sahihi sehemu hiyo mimi. Kisha ikaeleza kwamba mkataba wa Consolata umekwisha, kwamba mama yake anakufa, kwamba pasipoti ni haki yake kisheria, na kwamba tunaomba kuja kuzungumza. Mwisho ikasema kwamba tusipojibiwa kwa siku tatu, tutapeleka malalamiko ofisi ya kazi. Niliipeleka kwenye lile jengo. Mlinzi wa mlangoni alikuwa abiria wangu wa kila siku, Mganda mpole wa kiti cha tatu kulia. Aliipokea kwa mikono miwili na kuipandisha yeye mwenyewe.

Nasser alipiga simu kesho yake. Sauti yake haikuwa ya Farao. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. Akasema tuje baada ya swala ya alasiri.

Tuliingia majlisi, yaani sebule ya wageni, mimi na Hajj, tukaketi kwenye mito mirefu tukapewa kahawa. Nasser alikuwa na umri wangu. Alisema, kwa Kiingereza ili nielewe, kwamba simu ya Consolata ameichukua yeye, kwa sababu jina la nyumba yake lilikuwa likisemwa kanisani na alishikwa na hasira na aibu, na kwamba hakufanya vizuri. Aliitoa mfukoni akaiweka juu ya meza. Nikasema mimi pia sikufanya vizuri. Tukatazamana kidogo, watu wazima wawili waliomwumiza mwanamke mmoja kutoka pande mbili.

Kisha nikamwomba pasipoti. Akasema hana.

Nilidhani ananidanganya, na nadhani ilionekana usoni mwangu. Akainuka akafungua mlango, na Consolata akaingia akimsukuma Umm Nasser. Consolata alikuwa amekonda. Aliniamkia kwa macho tu. Yule mama alikuwa mdogo kama msichana ndani ya kile kiti, mikono imechorwa hina, macho meupe kwa uzee, na alitutazama kama watu waliokuja kumnyang'anya kitu. Hakukosea.

Nasser alisema amekuwa akimwomba mama yake ile pasipoti kwa miezi miwili. Mama alikuwa ameichukua kutoka kabatini siku aliyosikia Consolata anaondoka. Mchana aliikalia, chini ya mto wa kiti chake. Usiku aliilalia. Na yeye, Nasser, hakuwa mtu wa kumwinua mama yake kwa nguvu.

Hajj akainama akamweleza kwa Kiarabu, polepole, kwa heshima kubwa, akimwita mama. Umm Nasser alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akageuka asimjibu yeye, akanijibu mimi, kwa Kiswahili.

"Kesho," akasema.

Nilishtuka. Consolata akaeleza kwa sauti ya chini kwamba amemfundisha maneno kidogo katika ile miaka minne: maji, chai, pole pole, lala, kesho. Kila akiomba pasipoti, hujibiwa hivyo. Kesho.

Sikuwa na mahubiri ya hapo. Nilikuwa nimejiandaa kupambana na mtu mbaya, na chumba kile hakikuwa na mtu mbaya, ila mtu mmoja alikuwa amezuiwa kwenda kumwona mama yake anayekufa. Consolata ndiye aliyezunguka akaja mbele ya kiti, akapiga magoti, akaishika ile mikono ya hina. Aliongea kwa kile Kiarabu cha jikoni chenye Kiswahili ndani yake, lugha yao wawili, na Hajj alinitafsiria nusu.

"Mama," akasema, "mimi nina mama mwingine. Yeye pia anataka mtu wa kumpa maji."

Kahawa yangu ilipoa. Kisha Umm Nasser akaegemea upande mmoja, taratibu, jinsi anavyoegemea akigeuzwa kitandani, na Consolata akapitisha mkono mmoja mgongoni kwake kumshikilia, kama afanyavyo kila siku, na kwa mkono wa pili akaitoa pasipoti chini ya mto. Ilikuwa imejikunja ikachukua umbo la mwili. Alimrudisha mama sawasawa, akamnyoosha nguo, ndipo akatutazama.

Aliondoka Alhamisi. Nasser mwenyewe alimpeleka uwanja wa ndege.

Mama yake alikuwa hai alipofika, lakini alikuwa ameacha kusema siku tano kabla. Aliishi siku nane zaidi. Consolata alimpa maji kwa kijiko, akamwosha, akamgeuza, na hakusikia sauti yake tena. Zile wiki tatu za kimya ni zangu. Consolata hajawahi kuniambia hivyo hata mara moja, na mimi sijawahi kujiambia vinginevyo.

Miaka miwili baadaye mkataba wangu nao ulikwisha, nikarudi nyumbani. Kabla sijamaliza hata kuzunguka kwa wakwe nilivuka mto kwenda kumwona Consolata. Nilikuta watu wamekaa kwenye benchi nje ya nyumba yake, kama zahanati. Walikuwa wazazi. Mmoja mwanawe yuko Saudia na simu haiiti. Mwingine binti yake alisema anakwenda "Arabuni" na hakutaja nchi. Walikuja kwa Consolata kwa sababu yeye alikwenda akarudi. Alikuwa amewaandikia majina katika kitabu cha mahudhurio cha shule, na alipoulizwa anaweza kufanya nini alisema ukweli, kwamba anaweza kuandika.

Ni yeye aliyenisukuma nigombee uwakilishi wa wadi. Nilimwambia mchungaji hafai siasa. Akanikumbusha kwamba nilikwisha kuhubiri siasa bila kugombea na tuliona matokeo. Hapo ndipo alipokaribia zaidi kulitaja kosa langu.

Nilishinda, kwa kura chache na mchanganyiko wa ajabu wa makanisa mawili, msikiti mmoja na waendesha bodaboda wote wa soko. Bunge la kaunti lilikutana Jumanne na Jumatano. Siku yangu ya kwanza ya kuzungumza niliinuka, nikafumba macho kidogo kupanga mawazo, na nilipofumbua nikaona waheshimiwa wote wameinamisha vichwa. Spika akanikumbusha kwa upole kwamba sala ya kufungua kikao ilikwisha kusomwa. Wabunge wenzangu walicheka mwezi mzima.

Nikaleta mswada. Nilitaka kaunti iwalinde watu wetu walioko nje, ifuatilie waajiri, iwarejeshe waliokwama. Mheshimiwa Khaemba, mtu mwenye sauti kama ngoma na akili kali, akasimama akauliza kaunti yetu itamfuatilia vipi mwajiri wa Ghuba, ikiwa imeshindwa kuifuatilia greda yake yenyewe iliyopotea tangu masika. Mambo ya nchi za nje ni ya serikali kuu, akasema, si yetu. Nilimjibu kwa moto. Mswada ukaanguka.

Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikapiga picha kurasa zote na kumtumia Hajj Sulaiman kule Doha. Alinijibu baada ya siku mbili kwa ujumbe wa sauti. Alisema Khaemba ana haki, na kwamba ukurasa wa kwanza hadi wa nne una watu wengi wanaolia na hauna meza hata moja. Kesi huanzia mezani, alisema. Weka meza.

Mswada wa pili ulikuwa wa meza. Kila ofisi ya wadi iwe na mtu mmoja, meza moja na kabati lenye kufuli. Anayesafiri kwenda kazini nje aache nakala ya mkataba na ya pasipoti, jina la wakala aliyempeleka, na namba ya jamaa mmoja. Jamaa akipoteza mawasiliano, aje hapo, ofisi iiandikie serikali kuu barua yenye majibu ya maswali manne. Kulikuwa na kifungu kimoja ambacho wengi hawakuelewa kwa nini nakishikilia: jina la mtu lisitajwe hadharani bila idhini yake mwenyewe, wala na mbunge, wala na kiongozi wa dini.

Kamati iliomba kusikia mtu aliyewahi kufanya kazi nje. Nilimuuliza Consolata kama anataka, nikamwambia akikataa hakuna ubaya. Alifikiria siku tatu akakubali. Wajumbe walikuwa wamejiandaa kusikia habari za vipigo, baadhi na leso kabisa. Yeye akawasimulia habari za Umm Nasser. Alisema walivyochekeana, alivyomfundisha maneno. Alisema baada ya yeye kurudi, Nasser alikuwa akipiga simu kila wiki na kumwekea mama yake sikioni, mpaka yule mama alipofariki, na kwamba alimlilia kama alivyomlilia wa kwake.

Khaemba akauliza, si kwa ubaya, kama watu wale walikuwa wema hivyo, sheria ni ya nini.

Consolata akamtazama. "Mheshimiwa, mtu mbaya ningemtoroka," akasema. "Yule alinipenda. Na mtu akikupenda halafu akakushikia maisha yako, huwezi kumpigia kelele, huwezi kumkimbia. Hapo ndipo nilihitaji karatasi iseme badala yangu."

Mswada ulipita. Khaemba aliunga mkono, na mtu wa kwanza kusajiliwa katika wadi yake alikuwa shemeji yake mwenyewe. Amebaki rafiki yangu. Greda haijapatikana.

Sitawadanganya kwamba meza zilitatua kila kitu. Katika vipindi vyangu viwili tuliwapata wengi, na wengine tuliwapata wakiwa wamekwisha kufa, na kazi ikawa kumleta mtu nyumbani azikwe. Kuna kijana mmoja, fundi bomba, ambaye faili lake nililiacha ofisini likiwa wazi. Baba yake alikuja kila Jumatano asubuhi kabla ya kikao. Sikuwa na habari ya kumpa, lakini nilitoka nje kila mara kumwambia mwenyewe kwamba sina. Karani alisema ninapoteza muda. Pengine. Yule mzee hakukosa Jumatano hata moja, nami nilijitahidi nisikose.

Kipindi cha pili kilipokwisha Priska akasema imetosha, na mimi nikaona kweli. Rehema akatuita huku tupumzike. Hajj amerudi Masaka. Macho yake yamechoka, miwani haimsaidii tena, ila anasikia vizuri sana, na nikimsomea kitu kwenye simu bado ananikata maneno.

Mwezi uliopita Faith aliniomba nimfuate ofisi ya kazi. Alikuwa na kesi ya mhudumu wa hoteli, Mganda, jina lake silitaji. Tulipanda metro. Njiani nilikuwa na mengi ya kumwelekeza, na alinisikiliza kwa adabu hadi kituo cha tatu, kisha akasema, "Asante, Baba. Sasa naomba nisome faili."

Ndani tuliketi watatu kwenye viti vya plastiki. Mhudumu yule aliongea mwenyewe. Faith alimwachia aongee, na alipokwama alimgusia karatasi kwa kidole, basi. Mara mbili nilifungua mdomo, mara mbili nikaufunga. Afisa alikuwa kijana mstaarabu. Alipomaliza kuandika alimuuliza yule mhudumu jina na kazi yake, akamuuliza Faith jina na kazi yake, kisha akanigeukia, mzee mwenye koti la bungeni katika joto la Doha, akauliza mimi ni nani katika shauri hili.

Nilifikiria kidogo. Nilikuwa na majibu kadhaa, na yote yalikuwa marefu.

"Nimemsindikiza," nikasema.

Akaandika hivyo.